Asili ya neno si hati ya kiwanja

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ana bahati asiyoijua. Akifungua Wathesalonike wa Kwanza 4:15 katika Union Version, anasoma kwamba watakaokuwa hai siku ya kuja kwake Bwana "hatutawatangulia" waliokwisha kulala mauti. Sentensi imenyooka. Mwingereza wa leo akifungua aya hiyohiyo katika tafsiri ya Mfalme James, iliyochapwa mwaka 1611, anakuta kitenzi "prevent". Kwa Kiingereza anachozungumza yeye, walio hai hawatawazuia waliolala. Anabaki kujiuliza: kuwazuia wasifanye nini, na wameshakufa?

Hakuna kosa la uchapaji. Mwaka 1611 "prevent" ilikuwa bado haijaenda mbali na kwao, Kilatini, ambako "prae" ni mbele na "venire" ni kuja. Kitendo hicho kilikuwa kufika kabla ya mwenzako. Baadaye kikawa kumfikia kabla hajatenda, na mwisho kikawa kumzuia asitende. Kiswahili kina kitenzi kilichopita karibu na njia hiyo: kuwahi. Ukiwahi stendi, umefika mapema. Ukimuwahi mwizi mlangoni, hatoki. Tofauti ni kwamba "wahi" yetu imebaki na maana zote mbili, na "prevent" yao iliitupa ya kwanza njiani.

Neno hili dogo linatuingiza kwenye ubishi ambao wasemaji wa Kiingereza hawajaumaliza kwa miaka zaidi ya mia tatu, nasi tunaokitumia Kiingereza shuleni, mahakamani na ofisini tumeurithi bila kuulizwa. Upande mmoja unasema neno lina maana yake ya haki, ile liliyotoka nayo kwao, na anayeiacha anaharibu lugha. Upande wa pili unasema maana ni ile wanayoelewana nayo watu leo. Mengine ni historia, tuyaachie makumbusho. Mimi mkate wangu unatokana na kutafsiri, na nimejikuta pande zote mbili, siku nyingine ndani ya ukurasa mmoja.

Tuwape kwanza nafasi walinzi wa asili, kwa mfano wanaoupenda kuliko yote: "decimate". Katika jeshi la Roma, kikosi kilichoasi au kukimbia vita kiliweza kupigiwa kura, na mmoja katika kila kumi akauawa na wenzake wenyewe. Jemadari wa Roma, Crassus, aliifufua adhabu hiyo mwaka 71 kabla ya Kristo alipokuwa akimwandama Spartacus, kiongozi wa watumwa walioasi. Kumi imekaa ndani ya neno lenyewe, kwa Kilatini "decem". Kwa hiyo gazeti likiandika kwamba ukame "umedecimate" mifugo, likimaanisha kwamba karibu yote imekufa, mlinzi wa asili anashika kichwa. Kwake hasara ya kumi kwa mia imegeuzwa kuwa maangamizi.

Hoja ina mantiki, ila haijakamilika. Mwaka 1655 serikali ya Cromwell, iliyotawala Uingereza baada ya ufalme kupinduliwa, iliwatoza waliokuwa wafuasi wa mfalme sehemu moja ya kumi ya mapato yao, na kodi hiyo ikaitwa kwa jina hilohilo. Hakuna aliyepigiwa kura wala kuuawa kwa rungu. Karne hiyohiyo ya 17 watu wakaanza kulitumia kwa mauaji makubwa bila kuhesabu kumi. Yaani maana "potofu" ina umri unaokaribia ule wa neno lenyewe katika Kiingereza. Halafu kuna "December", ambayo nayo imebeba kumi tumboni kwa sababu kalenda ya kale ya Roma ilianzia Machi. Sijasikia mtu akidai Krismasi irudishwe Oktoba.

Udhaifu mkubwa wa walinzi ni kuchagua tarehe. Wanaposema "asili", mara nyingi wanamaanisha kituo kimoja cha katikati ya safari, kile walichokikuta walipozaliwa au walichofundishwa na mwalimu wao. Ushahidi mzuri uko katika Northanger Abbey, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwishoni mwa 1817. Henry Tilney anamtania Catherine kwa kuita kila kitu "nice": kitabu, siku, matembezi. Anamwambia kwamba pengine hapo mwanzo neno hilo lilihusu unadhifu, adabu na ustaarabu tu. Tilney ni kijana mwerevu na utani wake unachekesha, lakini kwa asili hakufika hata nusu ya njia. "Nice" ilitoka Kilatini "nescius", asiyejua. Kifaransa cha kale kiliipokea ikimaanisha mjinga, na ilipovuka bahari kuingia Uingereza karibu miaka mia saba iliyopita ilikuwa bado ni tusi. Ndipo ikapanda ngazi polepole: mjinga, mwenye kuchagua-chagua, mwangalifu wa mambo madogo, makini, ya kupendeza. Alichokiita Tilney mwanzo kilikuwa ngazi ya juujuu. Angerudi kweli kwenye mwanzo, angelazimika kumwambia Catherine kwamba siku yao ilikuwa ya kijinga.

"Silly" ilikwenda upande wa pili. Kiingereza cha kale kilimwita hivyo aliyebarikiwa. Akashuka kuwa asiye na hatia, kisha wa kuhurumiwa, kisha dhaifu, na leo ni mpumbavu. Ndugu yake wa Kijerumani, "selig", hakuteremka. Mpaka sasa ni mwenye heri. Ndugu wawili wa nyumba moja, mmoja kanisani, mwingine anachekwa sokoni.

Na kuna pahali ambapo kinachoonekana kuwa badiliko la maana si badiliko kabisa. Katika Warumi 1:13 ya mwaka 1611 Paulo anasema alikusudia kuja Roma mara nyingi lakini "was let". Leo "let" ni kuruhusu, kwa hiyo sentensi inasomeka kama kichekesho. Kiswahili kinasema "nikazuiliwa", na kiko sahihi, kwa kuwa Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili, "lætan" cha kuruhusu na "lettan" cha kuchelewesha, vilivyokuja kufanana sauti kama kaa la moto na kaa wa baharini. Viwili vyenye maana zinazopingana haviwezi kuishi chumba kimoja kwa raha, kimoja kikafa. Mabaki yake yamo katika pasipoti ya Uingereza, inayoomba mwenye nayo apite "without let or hindrance", na katika tenisi, ambako mpira wa kuanzia ukigusa wavu huitwa "let".

Waliojaribu kuizuia hali hii hawakuwa watu wadogo. Mwaka 1712 mwandishi Jonathan Swift alimwandikia waziri mkuu wa wakati huo, Robert Harley, akipendekeza liundwe baraza la kukisafisha Kiingereza na kukifunga kisibadilike tena. Wafaransa walikuwa na chuo chao tangu 1635, kwa nini Waingereza wakose? Miongoni mwa maneno yaliyomkera Swift ni "mob", kundi la watu wa fujo, kifupisho cha mtaani cha Kilatini "mobile vulgus". Baraza halikuundwa, na "mob" ipo. Samuel Johnson naye alianza kamusi yake kwa tumaini kama hilo, lakini ilipotoka mwaka 1755 alikiri katika dibaji kwamba mtunga kamusi anayedhani anaweza kuitia lugha dawa isioze, kama maiti, anastahili kuchekwa. Maneno haya yana uzito zaidi kwa kuwa yalitoka kwa mtu aliyejaribu. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka kwa vipande mwaka 1884 chini ya James Murray na kukamilika 1928, ilifanya uamuzi tofauti kabisa: haikuhukumu, iliandika. Kila maana ilipewa ushahidi wa sentensi na mwaka, toka ya kale hadi ya karibuni, msomaji ajionee mwenyewe.

Mpaka hapa upande wa matumizi unaonekana umeshinda. Sivyo nionavyo.

Chukua "disinterested". Katika hati za kisheria ni sifa ya mwamuzi au shahidi asiye na maslahi katika shauri. Siku hizi wengi wanaitumia kwa mtu asiyejali, na vijana wengine hawajui kuwa iliwahi kuwa na kazi nyingine. Nikipata hati yenye neno hilo, ni lazima niamue: hakimu hana maslahi, au hakimu amechoka na kesi? Kwa Kiswahili hayo ni mambo mawili yasiyokaribiana hata kidogo. Mlinzi wa lugha anaposema tunapoteza chombo cha kazi, namwelewa. Anapodai kwamba analinda asili, hapo anateleza, maana katika karne ya 17 "disinterested" ilianza kwa maana hiihii ya kutojali, na "uninterested" ndiyo iliyomaanisha asiyependelea. Tofauti hiyo haina heshima ya umri, ina heshima ya manufaa. Naitunza kama ninavyotunza kisu kikali jikoni. Sihitaji kujua nani aliyekinoa kwanza.

Katika sheria suala linakuwa zito zaidi. Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, inasema katika Ibara ya 4 kwamba serikali kuu italinda kila jimbo dhidi ya uvamizi, na jimbo likiomba, dhidi ya "domestic Violence". Mpe sentensi hiyo mfasiri mwenye haraka, atakuandikia ukatili wa majumbani, na msomaji wake atadhani wanajeshi wa Washington huitwa mume akimpiga mke. Waandishi wa katiba walikuwa na maasi akilini. Uasi wa wakulima wa Massachusetts ulioongozwa na Daniel Shays ulikuwa umetoka kuzimwa mwaka uleule. Machafuko ya ndani ya jimbo, ndiyo tafsiri. Hapa kusema "maana ni ya leo" ni kuipotosha sheria bila kugusa hata herufi yake moja.

Lakini kurudi nyuma nako hakukupi jibu lililofungwa kwa utepe. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya District of Columbia dhidi ya Heller, iliyohusu marufuku ya bastola majumbani katika mji mkuu. Ubishi ulikuwa juu ya maneno ya marekebisho ya pili ya katiba, ya mwaka 1791: haki ya watu ya "keep and bear arms". Jaji Antonin Scalia, aliyeandika uamuzi wa walio wengi, alifungua kamusi ya Johnson na nyingine za enzi hiyo. "Arms" ni silaha, "bear" ni kubeba, kwa hiyo ni haki ya mtu binafsi kuwa na silaha na kuibeba. Jaji John Paul Stevens, kwa upande wa wachache, alifungua ya Oxford: maneno hayo mawili yakikaa pamoja ni msemo, na maana yake ni kutumikia jeshini. Kura zilikuwa 5 kwa 4.

Anayezungumza Kiswahili hahitaji kusomea sheria ili aone mgogoro ulipo. Tafuta "kula" katika kamusi, kisha tafuta "kiapo", halafu ujumlishe. Utaishia kuuliza kiapo kinaliwa na mboga gani. Msemo una maisha yake, haujumlishwi kwa vipande. Wataalamu wa lugha waliopekua baadaye hazina kubwa za maandishi ya karne ya 18 kwa kompyuta walikuta matumizi mengi mno ya "bear arms" ni ya kijeshi, hali inayompa Stevens nguvu katika hoja ya lugha. Hukumu haikubadilika kwa hilo. Kumbe hata mnapokubaliana kwamba maana ya zamani ndiyo inayotawala, bado mnabaki kugombania ipi ilikuwa maana ya zamani, na ya nani.

Hilo la "ya nani" ndilo linaloutia doa pia upande wa matumizi. Tunaposema maana huamuliwa na watumiaji, tunahesabu watumiaji gani? Ushahidi wa kamusi ulitoka vitabuni, na vitabu viliandikwa na wachache. Nitoe mfano unaotuhusu. "Boy" katika maandishi yake ya mwanzo ilimtaja mtumishi au mtu wa chini kabla ya kutulia kwenye maana ya mtoto wa kiume. Mlowezi wa Nairobi au Tanga aliyemwita mpishi wake mwenye wajukuu "boy" angeweza kabisa kujitetea kwa asili ya neno, na asili ingemkubalia! Angeweza kujitetea kwa matumizi pia, kwa kuwa klabu nzima ilisema hivyo. Kiswahili kililipokea kama "boi", mtumishi wa nyumbani, na mzee aliyeitwa hivyo alijua vizuri linamaanisha nini kwake. Etimolojia haikumsaidia, wala wingi wa watumiaji. Nani alikuwa na ruhusa ya kumjibu mwenzake, hapo ndipo maana ilipokaa.

Mambo yamesogea kidogo. Mwaka 2022 kamusi ya Oxford iliingiza kundi la maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, yakiwemo "mabati" na "come-we-stay", ile ndoa ya kuishi pamoja kwanza na harusi tutaona. Mwalimu aliyeyapigia mstari mwekundu miaka yote ile sasa ana kazi ya kufuta.

Kabla sijasahau, kuna asili nyingine ambazo hazikuwahi kuwa asili. Kila baada ya miezi michache makundi ya WhatsApp hutuletea kwamba "news" ni herufi za kwanza za pande nne za dunia, au kwamba "golf" ni kifupisho cha amri ya kuwakataza wanawake kuingia uwanjani. Si kweli. "News" ni wingi wa "new", mambo mapya, basi. "Golf" imo katika sheria ya bunge la Scotland ya mwaka 1457 iliyoupiga marufuku mchezo huo, na wakati huo mtindo wa kutunga neno jipya kwa herufi za kwanza ulikuwa bado haujashika. Ni tabia ya karne ya 20. Hadithi ikipendeza mno na kukaa sawasawa kama suti mpya, itilie shaka. Asili za kweli huwa na viraka.

Wanaolalamika kuhusu "literally", neno la kusema jambo ni hivyo hasa, si mfano, nitawajibu kwa ufupi. Ndiyo, watu husema wame-"literally" kufa kwa kicheko na bado wanapumua. Lakini "very" nayo ilianza kwa maana ya kweli, kutoka Kifaransa cha kale, na kweli yake ikachakaa mpaka ikabaki mkazo mtupu. Hata sisi tukisema chai ni tamu kweli, hatuapi mbele ya hakimu. Maneno ya ukweli ndiyo yanayokopwa kwanza na anayetaka kutia chumvi. Hilo halinikoseshi usingizi.

Linalonigusa zaidi ni "safari", kwa sababu hapo sisi ndio tuliokopwa. Wapelelezi wa Kiingereza waliopita pwani yetu kuelekea maziwa makuu katikati ya karne ya 19 walilichukua kutoka kwa wapagazi na wafanyabiashara, likimaanisha msafara. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kuwa rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa Aprili 1909 na bunduki zake, magazeti ya Marekani yakaliambukiza taifa zima: safari ni kuwinda. Baadaye bunduki zikawa kamera, likaja koti la safari, na mwaka 2003 Apple ikaipa jina hilo programu ya kuperuzi intaneti, ambayo haina hata swala mmoja. Sasa neno limerudi nyumbani limevaa suti. Pita Arusha uone mbao za kampuni za utalii zilizoandikwa "Safaris", na "s" ya wingi ya Kiingereza, huku abiria wa basi la Singida akitakiwa "safari njema" bila simba yeyote kuhusika.

Je, tumwambie Mzungu kwamba safari yake ni potofu, kwamba kwetu hata kwenda kumwona shangazi Korogwe ni safari? Nilikuwa na jibu tayari mpaka nilipojisikia mwenyewe nikimwambia fundi aliyeniahidi kwa mara ya tatu: "Safari hii sikubali." Hapo sikuwa nimesafiri kokote. Nilimaanisha mara hii. Mwarabu aliyetupa "safar" angenikodolea macho: kusafiri kumeingiaje kwenye mlango ulioharibika? Tumelipokea neno lake, tukalifanyia mambo yetu, na hatukumwomba ruhusa wala hatukumpelekea taarifa. Nikidai hati ya kiwanja kwa Mwingereza, Mwarabu yuko nyuma yangu kwenye foleni, ameshika ya kwake.

Mfano wangu wa mwisho ni wa kula. Zamani Mwingereza alikula "pease", njegere, neno la umoja. Sauti ya mwisho ikamdanganya, akadhani ni alama ya wingi, akaing'oa, akapata "pea" moja ambayo haikuwahi kuwepo. Leo hakuna Kiingereza sanifu zaidi ya hicho. Sisi tulipokea "mudguard" ya baiskeli, tukasikia "ma-" ya wingi mbele, tukasema madigadi. Kwa hiyo la umoja likawa digadi. Juzi nilikwenda kwa fundi baiskeli, mikono yake imejaa grisi, akaniuliza ninataka digadi la mbele au la nyuma. Nikamwambia la nyuma.